Maziwa ya Chumba cha Unga

Genoveva Kapinga alinyimwa kinga ya pua kwa miaka sita, na badala yake akapewa maziwa. Nalitaja kosa hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asije akasoma habari za maisha yake akadhani anasoma habari za bahati mbaya. Bahati mbaya haina mwenyewe. Hili lina mwenyewe, lina geti la chuma, lina saa yake maalumu ya jioni, na lilitendwa mchana kweupe na watu waliokuwa wakitabasamu.

Alikuja Dar es Salaam kutoka Mbinga akiwa tayari mjane, pamoja na Noela, binti yake wa pekee, akapanga chumba na sebule Tegeta, upande ambako nyumba mpya huota kila msimu na vumbi la ujenzi halitui. Katika jumuiya yetu ndogo, inayosali Jumamosi asubuhi kwa zamu nyumbani kwa kila mwanajumuiya, tulimfahamu kwanza kwa sauti. Aliimba sauti ya pili, nzito, isiyotetereka, na aliyeketi karibu naye hakupotea hata kama wimbo hakuujua. Baadaye tulimfahamu kwa ulimi. “Nyie wa mjini mnasali kama mnakimbizwa,” alituambia wiki ya pili tu baada ya kujiunga, na hakuna aliyechukia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kazi aliipata kwenye kiwanda kidogo cha rangi za nyumba, mwendo mfupi tu kutoka alipopanga. Mwenye kiwanda, Bwana Augustine, alikuwa ameanza kutengeneza rangi nyeupe ya aina mpya, rangi ambayo, kwa maneno ya bango lake, mvua ingeiosha na vumbi lisingeishika. Siri ya weupe huo ilikuwa unga ulioletwa kwa meli ndani ya magunia ya karatasi nene. Lakini Dar es Salaam ina unyevu, na unga ule ulikuwa ukivuta unyevu na kushikamana mabonge. Mashine ya kuyavunja mabonge hayo ilitajwa, ikaahirishwa, ikasahaulika. Ndipo msimamizi wa kiwanda, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Brightson, alipotoka getini asubuhi moja ya mwaka 2018, akawatazama wanawake waliokuwa wakisubiri kibarua, akauliza, “Nani anajua kuchekecha unga?”

Wanawake wakaangua kicheko.

“Kaka, ungeuliza nani asiyejua,” Genoveva akamjibu. “Mie nimechekecha ulezi tangu sijamaliza kung’oka meno ya utoto. Lete chekeche.”

Akachukuliwa yeye, akachukuliwa Recho aliyekuwa akiuza vitumbua sokoni Tandale kabla ya kuhamia huku, akachukuliwa na Gladness, mdogo wao wote. Baadaye waliongezeka wengine. Ujuzi walioombwa ulikuwa ujuzi wa jikoni, na nadhani hapo ndipo udanganyifu ulipoanzia: kitu kinachochekechwa na mama kwa mikono yake hakiwezi kumtisha mama. Genoveva aliwahi kutusimulia namna unga ule ulivyokuwa. Ulimiminika kama maji. Mkono ukiuingiza ndani husikii kitu, si joto wala baridi. Ukipuliza kidogo hauanguki, unabaki hewani, na mwanga wa dirisha ukipita unauona umesimama tu kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Madirisha yalifungwa. Feni zilikatazwa. Si kwa ajili ya vifua vya waliokuwa mle ndani, bali kwa sababu upepo ulikuwa ukipeperusha unga, na unga uliopeperuka ulikuwa hasara. Walifunga vilemba, wakajitanda khanga mdomoni, wakachekecha kuanzia asubuhi hadi jua linapoinama, wakitoka wote wana nyusi za wazee.

“Tulikuwaga tunachekana,” Genoveva alisema. “Recho ananiambia, bibi, shikamoo. Namjibu, marahaba mjukuu wangu, na wewe umezeeka lini?”

Kwenye magunia palikuwa na picha ya uso wa mtu aliyevaa kinga yenye vichujio viwili, kimoja kila upande wa kinywa. Haikuhitaji kujua lugha yoyote. Bwana Augustine aliiona, Brightson aliiona, na siku moja, baada ya mkaguzi fulani kupita na kukunja uso, likaletwa boksi la kinga za namna ile ile ya pichani. Lazima niseme ukweli wote wa jambo hili, kwa sababu sehemu yake moja imetumiwa vibaya sana tangu hapo. Kinga zililetwa. Zilikuwa za mpira, nzito. Ndani ya chumba kisicho na feni wala dirisha, katika joto la Februari, zilijaa jasho mpaka likatiririka shingoni. Gladness alizimia. Hazikuwa za saizi zao. Hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuzifunga wala aliyewaambia zinazuia nini. Baada ya siku chache wanawake walizitundika ukutani kwenye misumari, zikakaa pale kama vichwa vya wadudu.

Genoveva ndiye aliyetumwa na wenzake kwenda ofisini kuomba maziwa badala yake. Kwao hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mtu wa gereji akinyonya petroli kwa mpira, hunywa maziwa. Mtoto akigugumia mafuta ya taa, mama hukimbilia maziwa. Wapaka rangi wa jiji zima hunywa maziwa jioni “kukata sumu”, na hakuna kati yetu, hata tuliosoma, ambaye hajawahi kumshauri mtu hivyo. Basi akasimama mbele ya meza ya Bwana Augustine, akasema kwa adabu:

“Bosi, zile za mpira zinatuua kwa joto. Sie tunaomba maziwa. Maziwa yanasafisha kifua.”

Bwana Augustine, namna nilivyosimuliwa, alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu aliyesoma. Alikuwa na wajibu wa kusema: hapana, dada zangu, maziwa hayasafishi kifua, nitafungua dirisha, nitaleta mashine, nitatafuta kinga nyepesi. Badala yake uso wake ukanawiri.

“Ni hilo tu?” akauliza.

“Ni hilo tu, bosi.”

Tangu siku hiyo, kila saa kumi jioni, Brightson alipita chumba cha unga na kreti la maziwa freshi. Kila mmoja pakiti moja. Vijana wa stoo walipoanza kuziiba, Genoveva mwenyewe alipendekeza kila pakiti itiwe nukta ya rangi ya bluu, ili ijulikane kuwa ni ya wanawake wa unga na si ya mtu mwingine. Waliipenda nukta ile. Ilikuwa heshima. Wanaobandika lebo hawakupewa maziwa, wala wapakiaji, wala madereva. Kinga za mpira ziliondolewa kwenye misumari na hakuna aliyeuliza zilikokwenda.

Mguu ulianza mwishoni mwa mwaka 2023. Kwanza ulikuwa maumivu ya muundi anapotembea, yanayokoma akisimama. Aliyachukulia kuwa uchovu. Kisha vidole vya mguu wa kushoto vikawa baridi hata mchana wa jua kali, akawa anavivalisha soksi, nasi tukamtania kwamba anajiandaa kurudi kwao Mbinga, kwenye baridi ya Umatengo. Kisha kidole kidogo kikabadilika rangi. Alipofika hospitali daktari wa kwanza alimuuliza kama anavuta sigara. Wa pili naye akauliza vivyo hivyo. Wa tatu aliuliza kwa upole zaidi, akiwa amemwomba Noela atoke nje, kana kwamba mama yule alikuwa akificha dhambi.

“Daktari,” Genoveva akamwambia, “mie nikivuta sigara sauti ya pili itaimbwa na nani?”

Sukari ilikuwa sawa. Shinikizo la damu lilikuwa sawa. Umri ulikuwa arobaini na mmoja. Hata hivyo picha zilionyesha mishipa ya damu ya mtu aliyetumika maisha mawili: kuta za ndani zimevimba, zimekwaruzika, na damu imeganda mahali ambapo ilipaswa kuteleza. Akaandikiwa sindano za kuzuia damu isigande. Akakatwa vidole viwili mwanzoni mwa 2024, cha tatu baadaye. Juu ya mguu wenyewe madaktari walisema watasubiri waone.

Kiwandani kulikuwa na desturi iliyoitwa kushikiwa nafasi. Mfanyakazi akiugua, mtu wa nyumbani kwake anaruhusiwa kufanya kazi mahali pake hadi atakaporudi, na asipopatikana mtu wa kuishika, nafasi inakwenda kwa wale wa getini. Bwana Augustine aliihesabu desturi hiyo miongoni mwa wema wake. Noela, aliyekuwa akijifunza kusuka nywele saluni, akaacha chanuo akaenda kuishika nafasi ya mama. Alisema amewekwa kubandika lebo. Genoveva, akiwa kitandani na mguu juu ya mito, alishukuru Mungu kwa hilo hadharani, jumuiyani, na sote tukajibu tulivyozoea kujibu.

Kisha jioni moja Noela alirudi kutoka kazini, akambusu mama yake shavuni, akamwekea kitu mkononi.

“Kunywa, mama. Kata sumu.”

“Sumu ipi tena? Mie siku hizi sumu yangu ni sindano.”

“Kunywa tu, ni ya leo.”

“Umeitoa wapi?”

“Dukani, kwa Mangi.”

Genoveva akaigeuza ile pakiti kwenye mwanga. Kwenye pembe palikuwa na nukta ya bluu.

“Mangi ameanza lini kutia nukta?”

Noela akawa anavua viatu, kimoja, kisha kile kingine, taratibu sana.

“Noela. Si ulisema uko kwenye lebo?”

“Kwenye lebo wamejaa, mama. Nafasi yako haikuwa huko. Nafasi unaishika palepale ilipo.”

“Njoo karibu.”

Binti akasogea. Mama akamshika kidevu, akamwinamisha uso, akapitisha kidole gumba kwenye nyusi. Kilitoka cheupe.

Kuanzia jioni ile Genoveva hakuuzungumzia tena mguu wake isipokuwa akiulizwa. Alikuwa na jambo moja tu: kumtoa Noela kwenye chumba cha unga, au, kama hilo haliwezekani, kukitoa chumba kile kwenye hali iliyokuwamo. Alimwomba atoke. Noela akamuuliza wakitoka watakula nini, na sindano zitatoka wapi. Alimwomba ajitande khanga mbili. Noela akacheka, akasema anajitanda tatu. Hapakuwa na ubishi kati yao, na ukosefu wa ubishi ndio uliomnyong’onyesha zaidi. Kila aliyekuwa upande wa binti yule alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Ndipo alipoamua kwamba kinachotakiwa ni neno la mtu mwenye elimu. Mtaalamu akisema unga ndio uliomkata vidole, kiwanda hakitakuwa na pa kujificha. Nilikuwa namfahamu tangu chuoni Dakta Leodegar, mtafiti wa seli katika maabara moja jijini, mtu wa maneno machache na viatu vilivyochakaa. Nikampeleka Genoveva kwake. Alikuja na kilemba chake cha kazi, ambacho hakikuwahi kufuliwa tangu siku ya mwisho aliyochekecha, amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa kukung’uta mikunjo yake tu kulipatikana unga wa kutosha.

Majaribio yalichukua majuma kadhaa. Siku tuliyoitwa, Dakta Leodegar alimketisha Genoveva mbele ya hadubini, akampangia magongo yake vizuri ukutani, akamweleza kwa Kiswahili safi, bila kumdharau na bila kumbembeleza. Alimwambia chembe za unga ule ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja bega kwa bega, mstari wao hautauzidi unywele mmoja unene. Vumbi la kawaida hunasa puani, likatoka kwa chafya na makohozi. Chembe hizi hazinasi. Zinashuka hadi vyumba vya mwisho vya pafu, na baadhi yake huweza kupenya zikaingia kwenye damu. Na damu, akasema, inapita ndani ya mishipa iliyotandikwa seli nyembamba, safu moja tu, zilizopangwa kama vigae vya sakafu. Vigae hivyo ndivyo vinavyofanya damu iteleze.

“Angalia hapa. Hivi havijaguswa.”

Genoveva akasogeza jicho. “Vimepangika,” akasema. “Fundi wake alikuwa hana haraka.”

“Sasa angalia hivi. Hivi vililala na unga wako.”

Baadaye Genoveva alituambia aliona sakafu iliyong’olewa: vigae vimesinyaa, vimeachana, vingine vimepasuka, na katikati pako wazi.

“Hizi seli mnazitoa wapi?” akauliza.

“Kwenye vitovu. Akina mama wanaojifungua wakiridhia, tunachukua ule utepe unaokatwa. Ndani yake mna mshipa wenye seli nzuri, changa.”

Genoveva akainua uso kutoka kwenye hadubini.

“Kwetu kitovu kinazikwa, daktari. Mie mwenyewe nilikizika cha Noela, nyuma ya nyumba ya mama yangu, penye migomba.” Akatazama kisahani cha kioo kilichokuwa chini ya hadubini. “Na hiki ni cha mtoto wa nani?”

“Hatuandiki jina.”

“Mungu amsaidie popote alipo.” Kisha, kwa sauti yake ya kawaida, “Na ukimwagia maziwa juu yake?”

Dakta Leodegar hakucheka. “Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Unga unakwenda kifuani, halafu kwenye damu. Ni njia mbili zisizokutana.”

Nilimwona akilipokea jibu lile. Miaka sita ya saa kumi jioni ilipita usoni pake. Alikuwa ameyaomba yeye. Kwa mdomo wake.

“Basi,” akasema hatimaye, “andika. Andika kwamba unga ndio ulionikata vidole, nikawaonyeshe.”

“Siwezi kuandika hivyo.”

“Si umeona kwa macho yako?”

“Nimeona kilichotokea ndani ya kisahani. Seli chache, unga mwingi, siku mbili. Mguu wako si kisahani. Umeishi miaka arobaini, umepika kwa mkaa, umekaa pembeni ya barabara kuu. Nikiandika kwamba ni unga huu na si kingine, wakili wao ataniuliza umevuta kiasi gani, na sijui, hakuna aliyepima. Ataniuliza chembe zenyewe ziko wapi mwilini mwako, na sina chombo cha kuziona. Ninaweza kuandika kwamba unga huu unaua seli za mishipa ya damu. Siwezi kuandika kwamba umeua za kwako.”

“Kwa hiyo nikukatie mguu uutie kwenye kisahani?”

Nilimkasirikia sana Dakta Leodegar siku ile, na hasira hiyo sijaimaliza, ingawa najua alisema kweli. Hiyo ndiyo fedheha ya jambo zima. Aliyeleta unga halazimiki kuthibitisha kwamba ni salama kabla ya kufungua gunia. Aliyeuvuta ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba si salama, tena kwa vyombo ambavyo havipo, kwa vipimo ambavyo aliyekuwa na wajibu wa kuvichukua hakuvichukua. Na akishindwa, huo huitwa ukosefu wa ushahidi, na mwenye kiwanda analala.

Aliondoka na kile alichoweza kupewa: ukurasa mmoja usemao unga unaua seli ndani ya kisahani.

Mkutano na Bwana Augustine ulifanyika Ijumaa moja mwishoni mwa Mei, stoo ya mapipa, saa kumi, muda wa maziwa. Wanawake wa unga waliketi juu ya mapipa yaliyopinduliwa. Noela alikuwa nyuma, nyusi nyeupe. Genoveva aliingia kwa magongo yake, na kabla hajafika mbele Recho alimshika mkono.

“Mama Noela, shoga yangu, sema, lakini usituharibie. Wakifunga hapa mie narudi kwenye vitumbua, na magoti yangu unayajua.”

“Siji kufunga kiwanda, Recho. Nakuja kufungua dirisha.”

Watu wakacheka kidogo. Akasimama, akaongea. Hakupiga kelele. Alieleza vigae, alieleza njia mbili zisizokutana, alionyesha mguu ulivyobaki. Alisema wanahitaji mashine ya mabonge, au kinga nyepesi za saizi zao, au angalau dirisha na mtambo wa kuvuta hewa. Alisema maziwa hayasaidii kitu. Hapo pakatokea mnong’ono.

“Ah, Mama Noela, maziwa tena?” Gladness akasema. “Mie bila maziwa kifua kinawasha mpaka asubuhi.”

“Kinawasha kwa sababu ya unga, mwanangu.”

“Ndiyo, na maziwa yanatuliza.”

Brightson akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa bado mchangamfu. “Sista, samahani, naomba niulize. Kinga zililetwa, hazikuletwa?”

“Zililetwa.”

“Nani alizikataa?”

Genoveva akaegemea magongo yake.

“Naomba tukumbushane tu. Nani alikuja ofisini akasema zinatuua kwa joto, tunaomba maziwa?”

“Ni mimi.”

“Basi,” Brightson akasema kwa upole kabisa, akaketi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kama mgeni wake, bila haki ya kusema. Nilisema hata hivyo. Nilisema kwamba mfanyakazi hana uwezo wa kuisamehe kinga ambayo mwajiri anawajibika kuitoa, kwamba aliyejua alikuwa mmoja na aliyekisia alikuwa mwingine. Bwana Augustine alinisikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya parokia nyingine. Kisha akainuka.

“Mama Noela ni dada yangu,” alisema. “Ameumwa, sote tumeumia. Mtaalamu wake mwenyewe hajasema ni unga. Hajasema. Lakini mie si mtu mbaya, na siwezi kukaa kimya dada zangu wakiwa na hofu. Pakiti moja jioni pengine haitoshi. Mnakunywa wakati mmekwishavuta. Sasa tutaweka na asubuhi, kabla hamjaanza. Mtaingia mkiwa na maziwa tumboni na mtatoka mkiwa na maziwa tumboni.”

Vigelegele vikapasua stoo. Recho aliruka kutoka kwenye pipa lake na magoti yake yote mabovu. Gladness akamkumbatia Genoveva shingoni, akimwambia, “Umetupigania, mama! Umetupigania!” Na katikati ya vigelegele vile Genoveva alisikia kimoja kirefu, chembamba, kilichopanda na kukaa juu bila kutetereka. Aliitambua sauti hiyo. Alikuwa ameilea.

Alitafuta pa kuketi. Nilimpa pipa. Brightson akaja na kreti, akagawa, akafika kwake, akasita kidogo kwa kuwa hakuwa tena mfanyakazi, kisha akampa na yeye pakiti. Aliishika mapajani kwa mikono miwili hadi mkutano ulipoisha. Hakuifungua. Noela alipokuja kumsaidia kusimama, akaiona.

“Hunywi, mama?”

“Kunywa wewe,” Genoveva akamwambia.

Tangu Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, wanawake wa chumba cha unga hupewa pakiti mbili za maziwa kwa siku, moja saa moja asubuhi na nyingine saa kumi jioni, zote zikiwa na nukta ya bluu.